Tiketi ya Kurudi

Minayo, leo nilikuwa Kisumu.
Nilipanda ngazi za ile ofisi ya tiketi juu ya duka la magodoro,
na kijana wa hapo, Jagero, mpole, kalamu sikioni,
akaisoma barua yako ya mwaliko mara mbili
kisha akaniuliza: Mama, utarudi lini?

Mimi hata sijaenda.

Akasema si yeye anayeuliza. Ni shirika la ndege,
na nyuma ya shirika yuko afisa wa kibanda cha kioo huko kwenu,
na nyuma ya afisa kuna sheria,
na wote hao wanataka kuuona mgongo wangu
kabla hawajauona uso.
Bila tiketi ya kurudi, au ya kuendelea mbele,
ndege sitapandishwa.
Kuendelea mbele wapi? nikauliza.
Popote, Mama. Mradi usibaki.

Nikamwambia, basi andika.
Andika nina mashina mia nne na thelathini ya chai hapa Vihiga
na bonasi inatoka Oktoba.
Andika ng'ombe wangu atazaa mwezi huohuo,
naye hakubali mkono wa mtu mwingine, Kavere alijaribu akapigwa teke.
Andika zamu yangu ya chama ni Novemba.
Nimechanga tangu Januari, mvua, jua, msiba;
nani huyo atakayeziacha pesa zake kwa wanawake kumi na wawili
akakimbilie theluji?
Andika baba yake Minayo amelala nyuma ya nyumba,
kando ya ule mwamba uliotushinda kuupasua,
na ubavuni mwake pamebaki nafasi ya mtu mmoja,
nami ndiye niliyeipima.

Jagero alicheka. Halafu akaacha kucheka.
Mama, kompyuta haina mahali pa kuandika hayo.
Ina mahali pa tarehe.

Nikachagua tarehe. Kumi na nane Septemba.
Mtoto atakuwa ameikaza shingo,
atakuwa anacheka na watu.
Nitamwacha ndiyo kwanza anaanza kunijua.

Pesa ulizotuma zilitosha kwenda.
Ili nirudi, nimemuuza yule fahali mwekundu.

Na hiyo viza, mwanangu, inaniita mgeni.
Sawa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Lakini mimi nimepewa siku tisini na jembe nimekatazwa:
mgeni asifanye kazi.
Sasa kumwogesha mjukuu ni kazi?
Kukukoroga uji wa wimbi, kukukanda kiuno,
kutembea naye sebuleni saa tisa usiku akikataa usingizi?
Ukiulizwa, sema mama alikuwa amekaa tu.

Niliporudi nyumbani nilifungua lile bati la biskuti
kutafuta cheti cha ndoa, maana nacho wanakitaka.
Vyeti vyako vyote vimo, hata cha chanjo.
Na chini kabisa, imekunjwa mara nne,
nakala ya safari yako uliyoniachia
ili niijue siku ya kuchinja kuku.
Mstari wa juu, kwenda. Mstari wa chini, kurudi:
tarehe ishirini na moja Desemba, saa tano usiku,
kiti cha dirishani.
Miaka kumi na mmoja iliyopita.

Kumbe nawe uliulizwa.
Nawe ulijibu, tena kwa maandishi.

Sikukasirika. Nilikaa kidogo pale kitandani,
nikaikunja tena mara nne, kwa mikunjo yake ileile,
nikaiweka yangu juu yake, nikafunika bati.
Tiketi mbili za kurudi nyumba moja.
Moja nimeilipia fahali.

Haya, niambie: Juni huko,
nije na sweta ngapi?